Mikono Mikavu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na goti limeacha kukusumbua kwenye ngazi. Mimi sijambo kabisa, na leo nina furaha ambayo nikinyamaza nitapasuka.

Unamkumbuka yule kambare jike niliyembandika jina la Shangazi kwa ajili ya ndevu zake na kununa kwake? Misimu miwili, tangu nianze kumkamua mimi, mayai yake yalikuwa yakigeuka meupe na kuota ukungu. Katika mia hayaanguliwi hata ishirini. Mimi mwenyewe nikamwambia bosi kuwa Shangazi amezeeka. Bosi akasema akishindwa mara hii, atauzwa kitoweo. Mama, roho iliniuma, kwani nimemlisha kwa mkono huu miaka mitatu.

Siku ya kumkamua mayai, bomba la kunawia likakauka, na mikono yangu imejaa ute wa samaki. Nikakimbilia chumbani kwangu nyuma ya matangi ya samaki, nikatoa lile taulo ulilonipa nilipoondoka nyumbani, ambalo nililionea huruma nisilitumie, nikafuta mikono ikakauka kabisa. Kesho yake beseni lilijaa vifaranga! Tisini na mbili katika mia! Nilipiga vigelegele mpaka mlinzi akaja mbio akidhani nimeumwa na nyoka.

Sasa nikuungamie. Sikuridhika, nikakamua jike mwingine, ambaye siku zote hukamuliwa na wenzangu, na kugawa mayai katika mabakuli mawili: moja kwa mikono mikavu, jingine kwa mikono iliyolowa kama kawaida yangu. La pili likaoza. Kumbe yai la kambare likiguswa na maji kabla ya kukutana na mbegu ya dume, hujifunga, na likishajifunga ndiyo basi. Shangazi hakuwa na kosa lolote. Mchawi nilikuwa mimi, na usafi wangu wa kunawa na kukimbilia kazi mikono ikichuruzika. Ulinifundisha kunawa, mama, ukanipa na taulo. Nilishika nusu ya somo.

Nilimweleza bosi hivyohivyo mbele ya wenzangu. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akasema chumba cha kuangulia kuanzia leo ni changu.

Wasalimie wote nyumbani, pamoja na shangazi wa nchi kavu, ila usimwambie nani anaitwa kwa jina lake. Taulo lako nimelitundika msumarini, na ole wake atakayelifutia meza. Shangazi yumo tangini, amenuna, anaogelea.

Ni mimi mwanao,
kitindamimba wako