Kaa wa Chemchemi ya Likunja

Mjukuu wangu Zuhura,

Huku Nachingwea tupo, babu yako anakohoa kidogo tu. Umeuliza, wewe unayepima maji ya mito kwa vifaa, sisi Likunja tulipimaje. Tulitazama kaa wa chemchemini. Mama alisema, "Kaa akikukimbia, chota. Usipomwona, rudi na ndoo tupu."

Nilipokuwa msichana niliosha bomba la kupulizia mikorosho dawa palepale chemchemini, kwa uvivu wa kubeba maji hadi shambani. Siku ya tatu mama alirudi na ndoo tupu.

"Nani kaosha nini kule?"

Kaa hawakurudi, nasi tukahamia huku. Mama amekufa sijamjibu.

Ukipita Likunja, weka vifaa chini kwanza, uangalie kama kuna kinachokukimbia.

Bibi yako