Utepe Niliomwazima Ivone

Buyenzi, Avenue ya 14,
Bujumbura, Burundi.
20 Januari 2026

Mpendwa Shangazi Kaltum,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Goti linaendeleaje? Mama anasema daktari wa huko Muscat amekukataza ngazi, nami nikacheka, maana nakujua: ukikatazwa ngazi utapanda paa. Natumaini Ami Amur yu mzima, na kwamba Basma na wanawe wanakusumbua vya kutosha.

Huku miili haijambo, alhamdulillahi. Mama bado ana kikohozi chake cha vumbi. Petroli imekuwa adimu, magari yanafika gereji ya Baba yakisukumwa kwa mikono, na sisi wengine tunakanyaga njia kwa miguu. Ningekupigia simu, lakini nyumba yetu unaijua: ukikohoa chumbani, jirani anakupa pole. Ndiyo maana nimempa Bi Asiya, anayesafiri kuja huko, barua hii akuletee mkononi.

Shangazi, Baba hasemi nami. Tangu nirudi kutoka kwenye mashindano ya urembo kule Ufilipino, mwezi wa pili sasa, hajagusa chakula nilichopika wala kupokea kikombe cha chai kutoka kwangu. Salamu yangu anaijibu huku anaangalia mlango. Naumia, tena sana.

Wewe ndiye uliyemsihi aniruhusu kwenda, kwa hiyo una haki ya kujua yote. Alinipa sharti moja tu: nisisimame mbele ya watu na nguo ya kuogelea. Nilimwahidi, Mama akiwa shahidi. Waandaaji nao walikubali kwenye simu kwamba nitavaa vazi langu refu.

Watu wanadhani mashindano yale ni taa na mataji. Mimi nakumbuka njaa na miguu. Tuliamshwa alfajiri, na ilinibidi nigombane na mpambaji wetu kila siku ili nitawadhe na kuswali kabla hajanishika uso. Kisha tunashinda juu ya viatu virefu tukifundishwa kutembea, mimi niliyedhani nimejua kutembea tangu utotoni! Jioni tunaloweka miguu katika ndoo ya maji ya chumvi. Hata kutabasamu ni kazi. Taya zinauma mpaka huwezi kutafuna, na chenyewe cha kutafuna kilikuwa majani.

Jioni moja tukapelekwa kwenye karamu ya wafadhili. Waligawa msichana mmoja kila meza, katikati ya wazee wenye saa kubwa, kama maua ya plastiki. Mmoja akaniuliza Burundi ni mji gani wa Afrika Kusini. Nilitabasamu kama nilivyofundishwa, kisha nikaenda chooni nikalia.

Siku ya mavazi ya asili nilivaa imvutano yangu, vazi letu la kufunga begani, ile uliyosema inanipendeza. Msimamizi wa jukwaa akaniletea ngoma anataka niipige. Nikamwambia kwetu ngoma ile haipigwi na mwanamke. Akadhani naringa. Kesho yake wakaniletea nguo ya kuogelea, wamekwisha sahau makubaliano. Nikakataa, nikapita jukwaani na vazi langu refu, na kamera ikaniruka ikaenda kwa wa nyuma yangu. Tangu hapo jina langu likawa mkaidi. Huko nimeitwa mkaidi kwa kushika maneno ya Baba, na hapa Buyenzi naitwa mpotevu.

Sasa sikia kilichoniponza. Nililala chumba kimoja na msichana wa Cape Verde aitwaye Ivone, mwenye roho nzuri. Kimo chetu kimoja, rangi yetu moja, hata wasusi walikuwa wakituchanganya. Siku ya mwisho tulipelekwa ufukweni. Wasichana wana desturi ya kuazimana tepe, zile zenye jina la nchi zinazovaliwa begani, wapige picha za ukumbusho. Nikamwazima Ivone utepe wangu. Mimi nilikaa nyuma ya mpiga picha, gauni langu hadi kwenye vifundo. Yeye alikuwa na nguo ya kuogelea, miwani ya jua, nywele zimepeperushwa usoni, na kifuani maandishi makubwa: BURUNDI.

Picha ilisambaa mitandaoni, ikafika Buyenzi kabla yangu. Kaka Khaled, bila kufikiri, alimwonyesha Baba gerejini, mbele ya mafundi na wateja. Wakasoma lile neno wakaona wamemaliza. Baba akasema palepale, mbele yao wote, kwamba hatapokea tena kitu changu.

Nimemweleza. Ivone mwenyewe ametuma picha nyingine za siku ile, uso wake unaonekana wazi. Nilipomnyooshea simu, Baba alifuta mikono kwa kitambaa, akasema, "Mi siangalie tena iyo mafoto. Nilishaona moya, inatosha." Khaled nikimwomba aseme ukweli ananiambia, "Acha kwanza, dada, mzee iko na moto. Tutaongea après." Hiyo après, hiyo baadaye yake, haifiki.

Unajua kinachonichoma? Baba akisikia gari linakata kona anakuambia ni la nani na lina ugonjwa gani, kabla hajaliona. Mimi amenilea mwenyewe, na ameshindwa kunitofautisha na mtoto wa watu! Nimemkasirikia, Shangazi. Na bado namfulia ovaroli lake.

Juzi Mama aliniita jikoni, akaniambia polepole, "Baba yako anajua si we. Ile siku alisema mbele ya batu, sasa anaona haya kurudia nyuma." Nilikaa chini. Sikujua nifurahi au nilie zaidi.

Kwa hiyo nina ombi. Shaaban imeandama, Ramadhani haiko mbali. Kila mwaka unatutumia boksi la tende, na kila mwaka linakuja kwa jina la Baba. Mwaka huu, tafadhali, litume kwa jina langu, na uniagize nimfikishie yeye. Nitampelekea gerejini, mchana, mafundi wote wakiwepo. Alisema hatapokea kitu changu. Lakini tende si zangu, ni amana yako, na amana ya dada yake hajawahi kuiacha mkononi mwa mtu. Neno lake halitavunjika. Itambidi tu ainue macho aone ni nani anayempa, na mimi sitaki zaidi ya hapo.

Mama anakusalimu sana. Khaled pia anakusalimu, ingawa salamu zake naziandika kwa shingo upande. Mwambie Basma kitenge chake kipo, nimekificha Mama asikishone. Mungu akuponye goti, akupe umri mrefu na nyumba yenye amani.

Baba hajasema nikusalimie, kwa kuwa hajui kwamba naandika. Lakini jana baada ya magharibi nilisimama nyuma ya pazia nikamsikia akiomba dua, akakutaja wewe kwa jina, akamtaja Mama, akamtaja Khaled. Jina langu sikulisikia, lakini mikono yake hakuishusha.

Wako akupendaye,
Soumaya binti Rachidi