Mvinyo wa Bi Kanisia

Jumapili, 3 Novemba
Baada ya misa, kuonja, kama kawaida. Leo tembo la mnazi kutoka Kilwa, limefika Lindi bado linatoa povu. Tamu, kali kidogo mwishoni. Alama saba. Wiki iliyopita mvinyo wa rozela ulipata nane. Mke wangu Skola anasema mwanamume wa miaka hamsini na mbili anayenusa glasi kabla ya kunywa anahitaji kuombewa. Sijali. Sijafurahi hivi mwaka mzima.

Jumatano, 6 Novemba
Nyangamara, kwa Bi Kanisia. Ana miaka sitini na kitu, ana mikorosho yake na ulimi wa wembe. Huku kila mtu anakamua mabibo na kunywa uraka, pombe yake, mapema, kabla haujachacha. Yeye anamimina uji mwepesi wa muhogo kwenye maji ya mabibo, anangoja, na ule ukakasi unaokereketa koo unazama chini pamoja na uji. Anachuja. Anaacha wiki kadhaa.
Nikaonja. Nikatafuta pa kukaa. Vitabu vyangu vya mvinyo vinasifu harufu za matunda ambayo hayajawahi kufika soko la Lindi. Huu unanukia bibo lililoanguka alfajiri, kabla nyuki hawajaliona. Alama kumi. Sijawahi kutoa kumi.

Ijumaa, 8 Novemba
Kikao cha sherehe ya kumuaga binti yetu Vero. Nimetamka: tutanywa mvinyo wa Bi Kanisia, hakuna boksi hata moja la mvinyo wa nje. Deus, kaka yake Skola na mwenyekiti wa kamati, akacheka mpaka akakohoa.
"Shemeji, wakwe wasafiri kutoka Newala uwape pombe ya dumu?"
Nikamwambia ulimi wake bado unatawaliwa na mkoloni. Niliongea sana. Hatimaye Skola akakubali, kwa sharti: wakwe wakiudharau, aibu ni yangu peke yangu, na Vero nitamwomba radhi mwenyewe. Vero akainamia orodha ya wageni. Hilo ndilo linaniuma.

Alhamisi, 14 Novemba
Makala yangu kuhusu vinywaji vyetu imetoka gazetini. Watu watatu wamenitukana. Siku njema.

Jumatano, 20 Novemba
Nyangamara tena. Mvinyo tayari. Tumeutia kwenye chupa, nimebandika lebo nilizoandika kwa mkono. Bi Kanisia akasema atakuja siku ya sherehe. Nikamwambia asijisumbue, njia ni mbaya, nitausimamia mimi.
"Utausimamia wewe?"
Ndiyo, mama. Akanitazama kama anavyotazama bibo bovu. Nadhani anataka pilau.

Ijumaa, 22 Novemba
Deus amenunua maboksi mawili kwa siri na kuyaficha chini ya meza ya mapambo. Nimeyaona. Nimenyamaza, nikafikiri nimekuwa mtu mzima. Vero kaniuliza mara moja tu: "Baba, una hakika?" Nikasema nina hakika.

Jumamosi, 23 Novemba
Nimejiaibisha. Nitaandika yote.
Mvinyo ukamiminwa. Rangi kama asali. Wakwe wakainua glasi, wakanusa, wakazirudisha mezani. Meza ya kwanza, ya pili, mpaka ya mwisho. Hakuna aliyekunywa. Deus akaanza kuinama kuelekea maboksi yake. Vero akaangalia miguu yake.
Nikachukua kipaza sauti. Nikawaambia wageni wangu, wakwe wa mwanangu, kwamba wanaabudu lebo za kigeni. Kwamba wangepewa siki yenye jina la Kizungu wangeomba nyingine. Niliendelea. Mshenga alikuwa ananiashiria. Sikumwona, au nilimwona.
Ndipo mwanamke mmoja akasimama nyuma kabisa, kanga mpya, viatu vina vumbi jekundu. Bi Kanisia. Alikuja kwa basi, kwa nauli yake.
"Umemaliza, baba?"
Nikasema nimemaliza.
"Basi nipe glasi."
Akaja mbele, akasimama pale wakwe wanapomwona vizuri, akanywa yote. Akageuza glasi juu chini. "Nimeupika mimi, Kanisia wa Nyangamara." Baba mkwe akainua yake, akanywa. Ukumbi mzima ukanywa.
Mpikaji hutangulia, mbele ya macho ya wageni, waone hakuna kibaya ndani. Mama yangu hakuwahi kumpa mgeni kata ya pombe kabla ya kuigusa kwa midomo yake. Nimekulia humo. Wale watu hawakuudharau mvinyo. Walikuwa wanamngoja mwenyewe, na mwenyewe nilimwambia abaki kwao.
Niliwaomba radhi kwenye kipaza sauti kilekile. Baba mkwe akasema ataisamehe hotuba akiongezewa glasi. Vero alicheka mpaka wanja ukachuruzika. Deus alikunywa nne. Skola anasema alinivuta koti mara tatu nilipokuwa nahutubia.

Jumatatu, 25 Novemba
Nyangamara tangu asubuhi. Naokota mabibo, nanyonga korosho, nakamua. Shati limeingia madoa, hayatatoka. Bi Kanisia alipekua kapu langu, akatupa nusu, akasema nusu iliyobaki inafaa. Wakwe wamemwagiza mvinyo wa harusi. Sikubishana na mtu mpaka adhuhuri.
Alinionyesha chombo changu, kimefunikwa kitambaa cheupe.
"Hicho umekamua wewe. Siku ya kunywewa, utatangulia wewe."
Sawa, mama, nikasema. Nikarudi kuokota.