Kikohozi cha Mzee Tadhg

Jumapili, 2 Machi

Leo baa kwa Mossie nimewachekesha mpaka Padre kashika meza asianguke. Sijisifu – haya, najisifu, nani mwingine atanisifu? Toka hapa Kilbrack mpaka Limerick hakuna mchekeshaji wa kunifikia, na hao wa Limerick nawaheshimu tu kwa sababu ni wengi. Mpiga plasta mimi, shule nilitoroka kupitia dirishani, nimelala London, nimefukuzwa Boston. Na sasa New York imeniita! Kwa barua yenye muhuri! Tamasha la michezo midogo ya kuigiza, mwezi wa tano. Mimi na Dervla, mwigizaji mwenzangu, na maiti wetu.

Kwenye mchezo, maiti ni mimi. Kalala matangani kwake, majirani wanakuja kumlilia. Anakohoa, anainuka, anaomba chai. Basi wanasahau kuwa amekufa, wanaendelea kumsema mbele yake. Majirani wote ni Dervla. Kitambaa kimoja cha kichwa, sauti chungu nzima. Yule dada ni hatari.

Kinachokosekana ni nauli, na malipo ya ukumbi wa kule. Wanataka Jumatatu ya wiki ijayo, la sivyo nafasi inakwenda kwa wengine. Tumefanya mashindano ya maswali baa. Tumechezesha bahati nasibu ya trela la mboji kavu, kuni za huku – kashinda mtu mwenye jiko la umeme! Bado tuko mbali. Kwa hiyo Jumamosi hii tunacheza ukumbi wa kijiji, parokia nzima inakuja. Hapa kwetu hakuna anayenunua tiketi mapema. Mtu hulipa mlangoni, akishaona nani mwingine kaja. Kila kitu basi ni Jumamosi.

Dervla anasema hapendi tukitegemea siku moja. Nikamwambia, dada, wewe ulizaliwa hupendi.

Jumanne, 4 Machi

Chapati za maji kwa Bi Nonie Lillis, kesho Kwaresima. Nilimtengenezea dari bure, ananilipa kwa tumbo. Kaka yake, Mzee Tadhg, kwenye kiti chake karibu na jiko. Yeye hakuoa, dada yake hakuolewa, wamezeeka pamoja wakigombania birika.

Mzee kaniangalia weee. "Nasikia unanifanya maiti."

Nikaikunja chapati upya. "Nani kakwambia, mzee?"

"Nani hajaniambia! Mwendo wangu, kofia yangu, chai yangu. Ila wanasema kikohozi unakosea."

"Mimi? Nikosee?"

"Kohoa nisikie."

Nikakohoa. Bi Nonie kaweka kikaango chini. Mzee akatikisa kichwa kama mwalimu aliyekata tamaa. "Hicho ni cha mbuzi. Changu kinaanzia kisiginoni. Kinapanda, kinafika hapa kifuani, kinapumzika. Usikiharakishe! Kikichoka kupumzika, ndipo kinatoka. Haya, tena."

Tukakohoa sisi wawili, mmoja baada ya mwingine, mpaka Bi Nonie akasema atatutoa nje wote afuge kuku, kuku wana adabu. Mwishowe mzee kapiga goti lake. "Hapo! Huyo ndiye mimi! Sasa ukiniaibisha Jumamosi, napanda huko jukwaani nijifanye mwenyewe."

Shati jeupe limetundikwa nyuma ya mlango. Kalipiga pasi mwenyewe, limeungua kidogo kwenye kola. Anakuja! Mstari wa mbele!

Alhamisi, 6 Machi

Mzee Tadhg amefariki. Kitini, asubuhi, kikombe mkononi. Hakikumwagika, anasema Bi Nonie.

Sina utani leo.

Baadaye – tangazo limeshatoka kwenye tovuti ya vifo. Hapa watu huisoma kabla hawajachungulia kama mvua inanyesha. Matanga nyumbani, Jumamosi, kuanzia saa tisa. Kanisani Jumapili.

Jumamosi.

Mossie kapiga simu, ndiye mwenye funguo za ukumbi. Kazunguka na mvua, kazunguka na bei ya ng'ombe, ndipo akafika: "Fachtna bwana, unajua." Najua. Maiti akiwa bado yuko nyumbani kwake, ukumbi haufunguliwi hata kwa mazoezi ya kwaya. Hajakataza. Huku mtu hakukatazi. Anakwambia unajua.

Nikauliza, Jumapili jioni je? Akarudi kwenye mvua mpaka nikaona haya mwenyewe.

Ijumaa, 7 Machi

Sauti imepotea!

Si yangu. Yangu ipo, bahati mbaya. Ya mzee. Nimeijaribu garini njia nzima ya kwenda Ennis na kurudi. Mbuzi. Mbuzi mtupu! Nikajaribu ile "Chai iko wapi?" – nikasikika kama karani wa benki. Jumanne nilikuwa nayo mdomoni kama jino langu.

Dervla akanikuta nimeegesha nyuma ya duka la mikate anakofanya kazi. Kaomba likizo isiyo na mshahara ya mwezi wa tano, na bosi wake keshamtafutia mtu wa kushika nafasi. Kaingia garini na unga wake.

"Kohoa," akasema.

Nikakohoa. Akageukia dirishani. "Huyo si yeye."

"Najua si yeye! Yeye yuko ndani ya sanduku!"

Hatujawahi kupigiana kelele hivyo, hata siku ile aliponiangusha kutoka jukwaani. Akasema pole pole: "Fachtna, hata pesa ikinyesha. Tutawapelekea nini New York? Maiti asiyejua kukohoa?"

Nikampa leso, imejaa plasta, akajifutia hivyo hivyo, akatoka na mstari mweupe shavuni.

Jioni Bi Nonie akaniita. Saa ya ukutani imesimamishwa, kioo kimefunikwa shuka, desturi ya msiba. Mzee yuko chumba cha mbele. Kavishwa shati lile. Kola ile iliyoungua. Nikaangalia dari – dari yangu, imenyooka vizuri – ili nisiangalie kola.

"Kesho unakuja," akasema.

"Nakuja, Bi Nonie, kama watu wote."

"Hujanielewa. Unakuja kumfanya."

"Kumfanya nani?"

"Askofu! Nani kalala hapo? Mtu hajashika pasi tangu azaliwe, kashika pasi kwa ajili yako. Alitaka acheke na watu wacheke yeye akiwepo. Kesho atakuwepo. Nimeshamwambia Mossie aweke ndoo getini."

Nikaruka. Ndoo! Matangani! Nikasema hapana, mama, New York iende zake, sichukui hata senti mlangoni mwa msiba, mimi ni mshenzi lakini si wa kiasi hicho.

"Ndoo ni yangu," akasema Bi Nonie. "Geti ni langu. Maiti ni wangu. Wewe ni nani?"

Nilitaka kumwambia kuhusu sauti. Akanijazia chai. Sikuweza.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika chooni kwa Bi Nonie. Daftari lilikuwa kwenye koti. Nina dakika chache kabla hawajanifuata.

Nyumba imejaa mpaka ngazini. Watu wanaingia kwa foleni, wanapeana mikono, "pole kwa msiba, Nonie", wanamgusa mzee vidole, wanakwenda kwenye mikate ya nyama. Ndoo ipo kweli, ile ya bluu ya kulishia ndama. Mtu akifika getini anatazama juu angani, kama anakagua mawingu, mkono wake unaingia ndooni peke yake. Halafu anamwuliza Mossie habari za ng'ombe. Hakuna aliyeipita. Mossie anasema imetosha New York na kurudi. Nimemwambia asinionyeshe. Nisipoweza kumfanya, naibeba yote naipeleka kwa Padre, na New York iwe ya wengine. Nimeapa. Dervla kakubali, kwa kichwa tu.

Padre kamaliza rozari. Bi Nonie akasimama katikati ya jikoni. "Sasa Fachtna atamfanya Tadhg."

Mtu mmoja alikuwa anakoroga chai, akaacha. Mwingine akasema chini chini, "Jamani, Nonie." Yeye hata hakugeuka. Akanipa kofia ya mzee, kama unavyompa mtu sahani.

Nikasema, "Kwanza naomba choo." Wakacheka. Kicheko cha kwanza cha siku nzima, na sikukitolea jasho.

Dervla yuko karibu na mlango wa chumba, kitambaa kichwani tayari, uso kama unga wake. "Unayo?"

"Ninayo."

Uongo.

Basi nimekaa juu ya kifuniko. Kofia magotini. Inanuka tumbaku na zizi. Kwenye sinki kuna kikombe kimoja, miswaki miwili. Wembe wake. Bado una povu lililokauka la Alhamisi.

Nimejaribu. Mbuzi.

Nimejaribu tena. Mbuzi.

Nikautazama ule wembe. Pumzi ikanipanda sijui kutoka wapi, ikafika kifuani, ikakwama. Nikaona ni kilio, nikaibana, isitoke, wasinisikie mimi Fachtna Considine nalia chooni. Ikakaa hapo. Ikapumzika. Sikuiharakisha.

Halafu ikatoka. Kutoka kisiginoni!

Kikohozi hicho si changu. Kimegonga vigae, kimepita chini ya mlango, kimekwenda jikoni chenyewe.

Huko nje hakuna sauti. Hata kijiko.

Sasa ndala zinakuja kwenye ujia. Pole pole. Zimesimama hapa hapa.

"Tadhg!" Ni Bi Nonie, kwa sauti ile ile ya kugombania birika. "Utakaa humo mpaka lini? Chai inapoa."

Sijui kama anatania. Haki ya Mungu sijui.

Anagonga tena. Anataka ajibiwe. Nimevaa kofia. Namjibu.