Nusu ya Kulwa

Nsemulwa, Mpanda

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo na goti limepoa. Asali ya Ugalla uliyompa Gervas atuletee ilifika salama, na wajukuu zako wameshaimaliza. Sijui ulafi huu wameurithi kwa nani. Sisi tunaendelea, ila nakuandikia kwa sababu kwenye simu ningeishia kulia.

Unajua Kulwa na Doto wote wana selimundu. Mwaka jana vipimo vilionyesha figo za Doto zimeanza kuharibika, zinapitisha protini kwenye mkojo. Za Kulwa zilikuwa nzima. Daktari Mariana akamwingiza Doto kwenye utafiti wa dawa ya kulinda figo, Kulwa akabaki nje. Akanionya kwamba dawa ni ya Doto peke yake, na kwamba inaweza kushusha presha. Kulwa alinuna, akaniuliza yeye ana kosa gani.

Wewe nawe uliposikia ukanikumbusha kwamba mapacha hawatengwi, kwamba anayenyimwa ndiye atakayeumwa. Nami tangu wazaliwe nimewashonea nguo za kitambaa kimoja, na hata andazi likibaki moja nalikata.

Wiki iliyopita tulirudi kliniki. Protini ya Doto imezidi. Daktari alisikitika, akasema huenda dawa haimsaidii, na kwamba majibu ya watoto kama yeye ndiyo yatakayoamua kama wenzao wengine watapewa. Akamuuliza Doto kama anameza kidonge kizima kila siku.

Mama, hamezi kizima. Tangu mwanzo nakikata kwa kisu, nusu yake, nusu ya Kulwa. Na juzi Kulwa alianguka bombani, majirani wakadhani ni njaa. Mimi nilijua ni ile nusu imemshusha presha, nikawaacha waamini hivyo.

Pale kliniki, kabla sijafungua mdomo, Doto alijibu kwamba anameza kizima. Kisha akanishika mkono. Mtoto mwenye figo mbovu anadanganya ili mama yake asigombezwe. Sijawahi kujionea aibu namna hii.

Kesho naenda kumweleza daktari yote, hata kama watamtoa Doto kwenye utafiti, na Kulwa nakwenda naye wampime. Usijilaumu, mama. Ulinena kama bibi yao, lakini kilichosemwa kliniki nilikisikia mimi.

Leo asubuhi nilimpa Doto kidonge kizima. Kulwa akanyoosha kiganja, akasubiri nusu yake.

Msalimie baba, na Helena akipita hapo nyumbani. Mungu awatunze.

Mwanao akupendaye,
Odeta