Nimebadilisha Git, Mama Mkwe Analaumu Macho Yake

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla sijapasuka kwa aibu, mimi nimeolewa na mtoto wa pekee wa mwalimu wa hesabu ambaye baada ya kustaafu alijifunza kuandika programu, na sasa mimi na huyo mama mkwe tunatengeneza programu ya miadi ya kliniki kwenye kompyuta moja sebuleni, na kusema kweli tunapendana, hata mume wangu hulalamika kwamba amekuwa mgeni nyumbani kwake. Tatizo ni Git, ile programu ya kuamrisha kwa kuandika, inayotunza kila badiliko tunalofanya. Mama akiomba historia, inaonyesha ukurasa mmoja kisha inasimama na nukta mbili pale chini, naye anasema, "Mwanangu, imeganda tena," anafunga dirisha zima anaanza upya, na nikitaka kumweleza ananikata, "Najua, najua," na mimi nitamfundishaje mwalimu? Basi alipotoka kidogo nikaweka mpangilio wake uitwao core.pager uwe cat, yaani historia yote imwagike bila kusimama, akarudi akafurahi, "Leo imepona!" nikajifanya sijui kitu. Sasa kliniki inalalamika kwamba vikumbusho vinawafikia wagonjwa siku wasiyo na miadi, mama akakaa kutafuta badiliko lililoleta kosa, maandishi yakampita mbio, akavua miwani akasema, "Macho yangu yamechoka, afadhali nikuachie kazi hii." Mshauri, macho yake ni mazima kabisa, nimwambieje?

Mkaza Mwana

Mkaza mwana, pole, ila umejitakia. Ulitaka kumsitiri mama, ukaishia kumzeesha. Mtu aliyefundisha hesabu darasa zima la watundu hashindwi na herufi moja! Keti naye leo, nyinyi wawili tu, mwanawe asiwepo, umwambie: "Mama, nilibadilisha mpangilio bila kukuuliza, nisamehe." Akifoka, pokea. Kisha aandike yeye, mikono yako ikae mapajani, ili historia isimame tena ukurasa kwa ukurasa:

git config --global core.pager less

Zile nukta mbili si kuganda, inangoja kitufe: cha nafasi kwenda mbele, b kurudi nyuma, q kutoka. Orodha ya matawi, yaani njia sambamba za kazi yenu, huwa fupi, hiyo iacheni imwagike tu:

git config --global pager.branch false

Akisema "najua", subiri amalize, halafu endelea. Na mashine ya watu wawili usiipange tena peke yako.

Mshauri, ahsante. Nilimwambia. Alinisonya, kisha akacheka mpaka akashika mbavu: "Kumbe si macho! Na mimi nimeshaanza kuulizia daktari!" Akaandika mwenyewe, akasoma historia ukurasa kwa ukurasa, akipitiliza anarudi, nami nimeweka mikono mapajani kama mwanafunzi. Mwishowe akagonga skrini kwa ukucha. "Hili hapa. Siku zinahesabiwa kuanzia sifuri, ndiyo maana vikumbusho vinakosea siku." Akasogeza miwani asome jina la aliyeliandika badiliko hilo. Lilikuwa langu.

"Haya," akasema, akinivutia kiti, "sogea hapa, mwanangu, nikufundishe kuhesabu."