Kwa Nini Sijamwita Rehema

Kizota, Dodoma

Dada Hadija,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama, na lile goti limepunguza kuuma. Mimi ni mzima, ila vumbi la huku halijanitoka kifuani. Mvua bado. Huko Kondoa mmeshapanda?

Barua yako nimeipokea kwa kondakta wa basi. Unauliza kwa nini wenzangu wameingiza watoto wao kiwandani, na Rehema wako, aliyemaliza kidato cha nne, bado amekaa nyumbani. Umeandika, "Au mji umekusahaulisha tumbo lililotuzaa?" Sikukasirika. Nitakueleza niliyoyaona, na nisiyoyaona nitasema sikuyaona.

Tangu serikali iuze kiwanda chetu cha mafuta ya alizeti, tuna meneja mpya. Anakula maharage pamoja nasi na anataka tumwite kwa jina lake la kwanza. Zamani kumwingiza ndugu yako kazini ilikuwa kesi. Huyu alitukusanya uwanjani akasema, "Leteni ndugu zenu. Nawaamini ninyi kuliko vyeti." Watu wakapiga makofi. Mimi, mwenye mali akinipa nisichomwomba, huuliza anataka nini.

Wapya hawakupelekwa palipopungua watu. Kila mmoja alisimamishwa kwenye mashine ya ndugu yake, ajifunze kwake. Hapo ndipo penye jambo, dada. Mtu baki ungemfundisha nusu, nusu ukaibakiza. Mwanao utamficha nini?

Mzee Chilewa, aliyenifundisha mimi kukamua, alimleta mwanawe Yohana. Nikamwambia, "Mzee, punguza kasi ya kufundisha."

Akacheka. "Mrangi wewe, acha wivu! Mlete na wako tumwone."

Wiki iliyopita aliitwa ofisini, akatoka na bahasha ya kumshukuru kwa utumishi wake. Yohana aliposikia akazima mashine.

"Baba, na mimi naondoka."

"Uondoke uende wapi? Na nyumbani tule nini?" Mzee akaiwasha mwenyewe, akamwonyesha mkanda. "Huo ukianza kulia, usiungoje. Ukaze." Akachukua koti lake akatoka.

Hakuna aliyepiga kelele. Ungemgombeza nani? Aliyekaa mahali pako mnakula sahani moja. Yohana mwenyewe ameniambia kuwa mshahara wake haufiki ule wa babake.

Sina ushahidi kwamba ilipangwa. Huenda ni umri wa mzee tu. Lakini Jumatatu meneja alinishika bega.

"Issa, umebaki wewe tu hujaleta mtu. Huna ndugu?"

"Sina."

"Mtu wa Kondoa akose ndugu?"

"Walikuwepo. Wamekwisha."

Akanipa pole, akanitazama zaidi ya pole ilivyohitaji, akaenda zake.

Basi usimpandishe Rehema basi. Kazi nitamtafutia hapa mjini, lakini si kwenye mashine ninayosimama mimi. Sijui kama mashine hiyo nitaishika mpaka mavuno.

Nisalimie sana shemeji, na baba mdogo mwenye duka karibu na msikiti. Rehema mwambie mjomba wake anamkumbuka. Na ikitokea mtu wa kiwandani akafika huko kuniulizia, mjibuni wote kuwa hamnijui.

Ni mimi mdogo wako, niliyekuzika nikiwa nakupenda,

Issa